Breki Imeregea

Muhuri nauchukia. Nauchukia tangu Aprili ya 2012, siku ndugu yangu Wakoli alipoteremka mteremko wa Kamukuywa kwa pikipiki amebeba mifuko miwili ya simiti, karatasi ya ukaguzi mfukoni, muhuri wa bluu juu yake, na hakusimama mpaka kwenye ukingo wa daraja. Karatasi hiyo ninayo. Nimeitia kwenye plastiki. Nimeiinua kwenye baraza za chifu, kwenye mikutano ya watu wa boda pale Misikhu, na mbele ya mheshimiwa mmoja aliyekuja kugawa makoti ya kung'aa. Huwa nawaambia, "Huu muhuri uliua mtu." Wanapiga makofi, wanaenda nyumbani.

Kwa hivyo mjane wake, Nasike, aliponiambia amepata pikipiki kuukuu Kitale ya kubebea maziwa, nikamwambia haendi kuiona bila mimi.

"Mulamwa," akasema, maana ndivyo tunavyoitana mashemeji, "ni pikipiki natafuta, si bwana."

"Hata bwana ningemkagua."

Muuzaji alikuwa Hiram Wanyoike, mwenye duka la vifaa vya shamba. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri kabla mimi sijazaliwa. Sifichi: nilifika nikiwa nimeshamhukumu. Aliyemuuzia Wakoli pia alitoka Kitale, pia alikuwa na sauti ya upole, pia alitukaribisha chai. Chai ya Hiram sikuigusa.

Pikipiki ilikuwa ya 2009, tangi limepakwa rangi nyekundu majuzi. Rangi mpya huwa inaficha kitu. Nikapiga magoti. Nikagonga spoku moja moja, nikavuta cheni, nikalinganisha namba ya chesisi na ile ya logbuku, tarakimu kwa tarakimu. Zikawa sawa. Hilo nalo likanikera.

"Mzee, unatafuta pikipiki ama unatafuta mwizi?" Hiram akauliza akicheka.

"Nitachukua nitakayempata kwanza."

Ndipo nikakanyaga breki ya nyuma. Pedali ikashuka, ikashuka, ikakaribia kugusa eksozi kabla gurudumu halijashikwa.

"Hii breki iko wapi?"

"Iko sawa. Imekaguliwa Mabanga, wiki jana." Akatoa karatasi. Muhuri wa bluu. Chini, mahali pa maoni, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: *Breki ya nyuma imeregea.*

"Si unaona?" Hiram akasema. "Ilikuwa mbaya kweli. Nikapeleka kwa fundi, nikairudisha ikaguliwe tena, na hapo wameandika imeregea. Imerudi vile ilikuwa ikiwa mpya."

Nikasoma mara mbili. Shule niliachia darasa la nne, lakini magazeti nimeyasoma miaka thelathini, na najua kuregea na kurejea ni kitu kimoja: kurudi. Karatasi ilisema breki imerudi. Mguu wangu ulisema haipo. Mmoja wao alikuwa amehongwa, na si mguu wangu.

"Huu muhuri umeununua," nikamwambia.

Kicheko kikamtoka usoni. "Mzee, umeniita mwizi mbele ya wateja wangu."

"Mulamwa, wachana na yeye," Nasike akasema. "Jumatatu chama cha wafugaji kinagawa njia za maziwa. Kama sina pikipiki, njia yangu inachukuliwa na mwenzangu Jentrix. Naichukua leo. Nitaipanda polepole mpaka nyumbani."

"Upitie Kamukuywa?"

Njia ya kwenda kwetu ni hiyo hiyo.

"Hutapanda," nikasema.

Hiram ndiye aliyekata maneno. Akafungua mlango wa nyuma wa pikapu yake. "Pakieni. Twende kwa huyo aliyeandika. Kama nimenunua muhuri, aseme mbele yenu."

Tukaketi watatu mbele, mimi katikati nikimwangalia Hiram mikono. Mtu anayekubali haraka hivyo ama ni msafi ama amepiga simu mapema. Tukafika Kamukuywa. Nasike aligeuza uso, akatazama mahindi upande wa pili mpaka daraja likabaki nyuma.

Yadi ya ukaguzi ni ya mtu binafsi, mabati matatu na mti wa jakaranda karibu na Mabanga. Mkaguzi ni Kizito, mtu wa kwetu kabisa. Nikamwekea karatasi mkononi kabla Hiram hajafungua mdomo.

"Ni wewe uliandika hii?"

"Niriandika mimi mwenyewe."

"Na breki iko hivi?" Nikakanyaga pedali, ikashuka yote.

"Ndiyo. Si niriandika? Imeregea."

"Imeregea si ni imerudi?" Hiram akauliza.

Kizito akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Irudi kutoka wapi? Ati breki itoke iende Kakamega, arafu irudi? Imeregea, bana! Haijakaza! Fundi wako hakufanya kitu. Niriandika uitengeneze."

Hiram akashika kichwa. "Imelegea," akasema polepole. "Na L."

"Si ndiyo nasema? Imeregea."

"Na muhuri ukapiga!" nikafoka. "Breki haishiki na umepiga muhuri!"

"Muhuri ni ya kusema nimeiona. Nimeona nini, iko hapo kwa maoni. Babangu ariandika hivyo kwa hii yadi miaka yote, hakuna mtu arireta maneno." 

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Bado ninayo: watu husoma muhuri, hawasomi maoni, na anayepiga muhuri analijua hilo. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye mfuko wa shati, juu ya plastiki yenye karatasi ya Wakoli.

Mimi pia ni wa kwetu, na L mara nyingine hunitoka kama R. Ndoo ikiwa na mpini uliolegea, mdomo wangu husema umeregea. Ila kwenye karatasi yenye muhuri sikutegemea kukuta mdomo wa nyumbani. Wakoli hakuwa msomaji. Aliniletea karatasi yake nikiwa napalilia, akaniuliza, "Kaka, inasemaje?" Nami nikafuta mikono, nikasoma, nikamwambia.

Nasike alikuwa ananitazama.

"Ile ya Wakoli ilitoka yadi hii," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye ulimsomea. Alikuja nyumbani akifurahi. Akaniambia kaka amesema breki imerudi."

Kizito akainama akaanza kufungua nati ya breki, bila kuombwa. Hiram akasogea kando.

"Miaka yote hiyo unaiinua juu," Nasike akasema. "Mimi naona muhuri tu. Chini pameandikwa nini? Nisomee."

Nikaitoa kwenye plastiki. Mikunjo ilikuwa imekula herufi kadhaa, lakini si hizo.

"Breki," nikasoma. "Breki ya nyuma imelegea."

"Soma vile imeandikwa, mulamwa."

Nikasoma vile ilivyoandikwa: imeregea.