Chakula cha Kwenye Simu

"Mfuko hauna jina, sawa," Tsotsoo alisema, mikono kiunoni, "lakini tumbo lina jina. Na tumbo lililoshiba katika ua huu tunalijua wote."

Korkoi alikuwa mlangoni pake, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mfuko wenyewe, wa plastiki nyeusi, wenye kinyesi cha mtu, ulikuwa umepasukia nyuma ya mapipa ya maji, pale watoto wa Tsotsoo wanapochezea, na yule mdogo alikuwa ameukanyaga. Sasa alikuwa amesimamishwa kwenye karai, anaoshwa mguu huku akilia. Nzi walikuwa wamefika kabla ya majirani, na majirani nao hawakuchelewa.

"Tsotsoo, mimi sijatupa kitu."

"Nani basi, mimi? Mimi na wanangu tunakunywa uji, Anti Korkoi, uji mwepesi ukiuinamia unajiona meno. Ule unatoka kwa jasho, haufiki kwenye mfuko." Watu wakacheka. "Wewe jana ulikula nini? Waambie."

Korkoi aliurudisha ndani ule mguu wa nje.

"Basi nitawaambia mimi. Ukuta wetu ni mbao, na masikio yangu hayajawekwa karantini. Jana alikula kenkei ya mahindi na samaki mwekundu wa kukaanga, pilipili ya kusaga, na parachichi juu. Juzi, kunde na ndizi mbivu. Jumapili, supu ya karanga na kuku. Kuku, jamani. Hebu tuulizane, jogoo wa nani amepungua hapa Chorkor?"

Walicheka tena, lakini cheko la safari hii lilikuwa na mate ndani yake.

Tangu redio iseme kila mtu akae kwake kwa sababu ya ugonjwa, katika ua ule wa Ataa Lankwei, mwenye nyumba wao, hapakuwa na mtu aliyekubali kuwa ameshiba. Hata aliyeficha samaki chini ya kitanda alitoka nje akijishika tumbo, kwa sababu ukijulikana unacho, jioni utakuwa na wageni, na mgeni wa siku hizi haondoki, amekatazwa kutembea. Korkoi peke yake ndiye aliyesema amekula. Tena hakuuambia ua. Aliiambia simu, kila jua likianza kuinama, bintiye Dedei alipompigia kutoka Kumasi.

"Umekula nini leo, Maa?"

Na Korkoi akiwa amelala ubavu, magoti yamebanwa kifuani, alipika. Alikaanga, akasaga, akaunga, akapakua. Yule kuku wa Jumapili kwa kweli alikuwa nusu ya donge la kenkei iliyoanza kuota ukungu, akaukwangua kwa kucha. Lakini Dedei alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake, na kichwa chake kigumu alikirithi kwa mama. Alikwisha kusema: "Siku nikisikia huli, nitajificha kwenye lori la vitunguu nije. Watanikuta Accra." Dedei hakuwahi kusema jambo la namna hiyo akaliacha. Korkoi alimwona kichwani mwake kati ya magunia, tumbo mbele, lori limesimamishwa kizuizini. Basi akaongeza parachichi.

Si kwamba chakula hakikuwepo kabisa. Kazi ilikufa, ndiyo. Samaki wake wa moshi aliwauza kwenye stendi ya mabasi, na stendi sasa ilikuwa ya mbuzi na upepo. Lakini kipande hapa, konzi ya unga pale, mtu wa Chorkor hakosi. Shida ni kwamba kinachoingia lazima kitoke.

Ua ule ulikuwa na vyoo viwili zamani. Cha wapangaji, Ataa Lankwei alikimwagia zege, akapiga bati jipya, akakipangisha. Ndicho chumba cha Korkoi. Wenzake walimtania hivyo hata kabla ya ugonjwa: "Anti, sogea kidogo, umekalia choo chetu." Cha pili kilikuwa upande wa mwenye nyumba, chenye vigae na kufuli, na ufunguo wake ulining'inia kwenye kamba ya suruali ya mzee. Mkaguzi wa manispaa alikuja mwaka juzi, akanywa soda baridi ukumbini, akaondoka akipangusa midomo. Wapangaji walivuka barabara kuu kwenda choo cha kulipia, na hawakulalamika sana. Foleni ya alfajiri pale ndiyo iliyokuwa gazeti la mtaa. Ndoa ilivunjika ukaijua ukiwa wa tano kwenye mstari. Ulipofika wa kwanza, wenyewe wamekwisha kupatana.

Sasa pale konani, pa kuvukia, palikuwa na askari.

"Redioni walisema kwenda choo cha umma ni ruhusa," mtu alisema siku za mwanzo.

"Askari wa konani hana redio," mwenzake akajibu.

Asubuhi moja Korkoi alivuka. Askari mmoja kijana, uso laini, mkononi ana waya uliosokotwa, alimsimamisha.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Chooni, mwanangu."

"Mwanao nani hapa? Chooni?" Akawageukia wenzake. "Anasema chooni. Basi umefika, bibi. Chuchumaa, shika masikio."

Alidhani ni mzaha. Waya ukamwambia si mzaha. Alichuchumaa katikati ya barabara kuu, mikono masikioni, na madirisha ya ng'ambo yote yalikuwa yamejaa watu waliokatazwa kutoka, hawana la kufanya ila kutazama. "Tunakungoja," kijana alisema. Na mwili, kwa hofu, ukatii. Alirudi amejifunga kanga ya kichwani kiunoni. Hakumwambia mtu. Kama majirani walisikia, hakuna aliyemtajia, na kwa watu wa ua ule, waliozoea kutaja kila kitu, kimya hicho kilimtisha zaidi.

Tangu hapo alilifundisha tumbo adabu. Maji ya kulowesha ulimi. Tonge moja, hilohilo. Mvua ikinyesha askari walijikunyata chini ya kibanda chao, na hapo Korkoi alijifunika nailoni akakimbia kwenda na kurudi, moyo ukimpiga hadi kwenye meno. Mvua ya mwisho alikwisha kuisahau. Gari kubwa likinguruma barabarani, hata akiwa kitandani, aliona mikono yake imekwenda masikioni yenyewe.

Sasa angelisema lipi mbele ya watu hawa? Tsotsoo alikuwa na namba ya Dedei. Walisuka nywele pamoja tangu wasichana. Likitoka neno hapa, kabla ya magharibi limefika Kumasi.

"Kuna nini?" Ataa Lankwei aliuliza.

Alitoka ukumbini na leso puani, akabaki juu ya ngazi, asije akapumuliwa. Mkewe, Anti Fofo, alisimama nyuma yake na mwiko mkononi. Wakamweleza, wote kwa pamoja, kila mtu akianza mwanzo.

"Korkoi," mzee alisema, "chumba hicho nilikupa mume wako alipokufa. Nilikuhurumia."

"Ndiyo, Ataa."

"Na sasa unanitilia uchafu. Wakati huu wa ugonjwa."

"Sikutupa mimi, Ataa. Naapa kwa kaburi la mama yangu." Sauti yake ilitoka nyembamba. "Labda ungetufungulia kile choo, Ataa. Hata mara moja kwa siku. Tutakisugua wenyewe."

Vichwa vyote vikageukia ngazi. Hata mtoto kwenye karai alitazama.

"Kile ni cha familia," mzee alisema taratibu. "Nikiwafungulia ninyi nyote, ugonjwa utaingia wapi? Chumbani kwangu. Mnataka kunizika?" Hakuna aliyetaka kumzika, angalau si kwa sauti. "Choo chenu kiko ng'ambo."

Hapo ndipo simu ya Korkoi ilipolia mfukoni.

Dedei hakuwahi kupiga mapema namna ile. Korkoi aliiacha ilie.

"Pokea," Tsotsoo alisema. "Au leo menyu haijawa tayari? Weka sauti ya juu, tule na sisi."

"Pokea," mzee akasema.

Korkoi alibonyeza mara mbili. Sauti ya Dedei ikajaa uani, inahema kidogo, sauti ya mtu anayebeba mzigo hata akiwa amekaa. "Maa, nimekuota vibaya mchana. Uko salama? Umekula nini? Usinidanganye, nimeshaulizia lori."

Korkoi aliangalia nyuso zile. Zote zilikuwa zikimngoja.

"Nimekula banku," alisema. "Na bamia. Na kaa, wale wakubwa. Nimeshiba hata siwezi kuinama."

"Kaa? Umewatoa wapi?"

"Majirani. Tunakula pamoja hapa. Nyumba imejaa, tunacheka tu. Lala, mama, usipande gari lolote."

"Haya." Dedei alicheka, akalia kidogo, akacheka tena. "Wasalimie wote."

Simu ikakatika.

"Anawasalimu," Korkoi alisema.

"Mmesikia kwa masikio yenu," Ataa Lankwei alisema. Aliipanga leso yake upya. "Sitaki maneno mengi. Kesho asubuhi utoe vitu vyako."

"Niende wapi, Ataa?"

"Ulikotoka. Barabara si hiyo?"

Korkoi aliitazama barabara kupitia lango. Ilikuwa tupu na nyeupe kwa jua. Aliona godoro lake kichwani, sufuria mkononi, na kijana wa uso laini akimwuliza anakwenda wapi, na yeye hana hata jibu la kumpa, maana choo angalau kilikuwa jibu. Alishika mwimo wa mlango.

"Ataa, huwa namdanganya."

"Nani?"

"Mwanangu. Sili. Sina kaa, sina kuku. Ingia chumbani uangalie, sufuria ina vumbi."

Tsotsoo alicheka kabla ya mtu mwingine. "Anti, mimi nimezaliwa mjini hapa. Watu wanaodanganya kuwa wana njaa nimewaona, nimo hata mimi. Anayedanganya kuwa ameshiba sijakutana naye."

"Huna chakula?" mzee aliuliza.

"Kidogo ninacho. Naogopa kukila."

"Unaogopa chakula?"

"Naogopa barabara," Korkoi alisema.

Mzee alimwangalia mkewe, akainua mabega. "Barabara na chakula wapi na wapi?"

Lakini wanawake hawakucheka. Mmoja aliinama kuokota ndoo isiyokuwa yake. Tsotsoo alikuwa akiutazama mfupa wa bega la Korkoi, pale gauni lilipoteleza, na uso wake ulibadilika rangi. Aligeuka akashika mguu wa mtoto, akaanza kuuosha upya, kwa nguvu, ingawa ulikuwa umetakata zamani.

"Ataa," alisema bila kuinua kichwa, "labda tuliache. Mfuko ni mfuko. Nitauzoa mimi."

"Sasa unaliacha? Ulipiga kelele mpaka nikakatizwa usingizi." Ataa Lankwei alipandwa na kiburi cha hakimu aliyeona kesi inamponyoka. "Hapana. Mimi si mtu wa kumwonea mjane. Tutapima. Fofo, chakula kimeiva?"

"Kimeiva."

"Mpakulie. Anasema hali siku zote hizi. Vizuri, mwenye njaa hafundishwi kutafuna. Akimaliza sahani, nitajua kasema kweli, abaki chumbani mwake mpaka Mungu atakapouondoa ugonjwa huu. Akidonoadonoa kama mtu aliyeshiba, basi kesho tusionane."

Anti Fofo alikwisha kuingia ndani. Alikuwa mwanamke mwema. Kila mtu wa ua ule angekuambia hivyo. Alirudi na sahani ya bati iliyofunikwa, akaitua juu ya stuli ukumbini, na alipofunua, mvuke ulishuka ngazi ukawafikia watu waliosimama chini. Madonge mawili ya banku, makubwa kuliko ngumi ya mwanamume. Bamia iliyovutika. Mafuta ya mawese yameelea. Aliitazama sahani, akamtazama Korkoi, shingo yake, mikono yake, akatikisa kichwa kwa huruma, akarudi ndani akaja na donge la tatu.

Tumbo la Korkoi liliunguruma, na kwa jinsi palivyokuwa kimya, ua mzima ulisikia.

"Mnaona?" mzee alisema, akionekana kufurahi kwa dhati. "Kumbe kweli. Mpisheni."

Wakampisha. Jua lilikuwa limeanza kuteremka nyuma ya mabati, na ng'ambo ya barabara mwenye choo cha kulipia alikuwa akivuta geti lake, afunge mpaka asubuhi. Lilisikika likikwaruza simenti. Konani askari walikuwa wakibadilishana zamu, wa jioni wanapokea kutoka kwa wa mchana, wanacheka jambo lao. Korkoi alipanda ngazi ya kwanza, akasimama. Mikono yake ilikuwa inapanda kuelekea masikioni. Aliiona, akaishusha, akaishikanisha mbele ya tumbo.

Anti Fofo alidhani anaona haya. Alisogeza kiti, akafuta vumbi kwa upindo wa kanga yake, akamshikia birika.

"Njoo, dada yangu," alisema. "Nawa mikono. Karibu ule, na usibakize."