Uliza Mtu Mmoja Zaidi

Kazini walimwita Bwana Bado, wala hawakumwonea. Kila alipoulizwa kama programu yake iko tayari kupelekwa jaridani ikahakikiwe na wataalamu wenzake, alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akajibu, "Bado." Kichekesho ni kwamba programu yenyewe ilikuwa na kazi moja tu duniani: kumwambia mtafiti kwamba inatosha. Unauliza watu, unaingiza majibu yao, nayo inapiga hesabu na kukuambia, "Acha. Ushahidi umetosha," au, "Haujatosha. Uliza mtu mmoja zaidi." Ilikuwa programu huria, ya bure, msimbo wake uko wazi mtandaoni, na watu wasiomjua kabisa waliitumia kupima mbegu, dawa za minyoo, hata ladha ya dawa ya meno. Wote hao walijua pa kuachia. Aliyeitunga ndiye hakujua.

Mkewe alikuwa mkunga. Alikuwa amepata nafasi ya kuongoza wodi ya wazazi katika mji mwingine, nafasi aliyoililia miaka. Bwana Bado alimwahidi kwamba akishatuma tu programu, wanahama pamoja. Kazi yake angeifanya popote penye umeme. Hospitali ilikwisha kuwavumilia mara mbili. Safari hii walisema jibu lipatikane kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

"Sasa kinachokuzuia ni nini, mume wangu?"

"Mambo mawili. Wapi, na lini."

Kuhusu wapi, palikuwa na majarida mawili. La kwanza lilikuwa kongwe, lenye heshima zake, wahakiki wake hawajulikani hata majina, na makala ikiingia humo huweza kutoka mwandishi ameshaota mvi. Wenyewe walipenda nadharia. Programu waliiona kama ufagio, kitu cha lazima lakini hukiweki sebuleni. La pili lilikuwa jipya, na wahakiki wake waliusoma msimbo mstari kwa mstari, wakauliza maswali yao hadharani, kila mtu akiona. Bwana Bado aliogopa kwamba la kwanza halitamjibu, na aliogopa zaidi kwamba la pili litamjibu.

Kuhusu lini, toleo la sasa lilifanya kazi vizuri, ila lijalo lingefanya vizuri zaidi, na lile la baada yake ndilo hasa alilolipenda moyoni. Mchagua jembe si mkulima, lakini nani wa kumwambia?

Basi akakata shauri. Alikata shauri kwamba programu ndiyo imkatie shauri. Angewauliza watu, "Nitume sasa au ningoje?" nayo ingemwambia lini ameuliza vya kutosha.

Alianza na mkuu wa idara. "Sasa!" akasema mkuu. "Na upeleke kwenye jarida kongwe, ndilo linalohesabika kwenye kupanda vyeo." Programu ikajibu: uliza mtu mmoja zaidi. Akamuuliza mkutubi. "Sasa," akasema mkutubi, "tena kwenye hilo jipya, watu waone." Uliza mtu mmoja zaidi. Kinyozi alimjibu wembe ukiwa kisogoni: "Kinyozi hajinyoi, kaka. Tuma, wakunyoe wenzako." Uliza mtu mmoja zaidi. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimcheka kwenye simu. "Shemeji, hiyo programu ingekuwa mtoto ingeshaoa. Itoe nyumbani!" Kwa daktari wa meno, Bwana Bado aliuliza huku kinywa chake kimejaa pamba, daktari akadhani analalamika maumivu, akamwongeza sindano, na jibu likabidi lingoje ganzi iishe. Nalo lilikuwa sasa.

Habari zikaenea. Majirani wakawa wanamvizia ngazini wapigiwe hesabu. Idara ikagawanyika kuwa Wa Sasa na Wa Ngoja, ingawa Wa Ngoja alikuwa mhasibu peke yake, ila ana sauti. "Haraka haraka haina baraka!" alipiga kelele mhasibu kwenye chumba cha chai. "Ngojangoja huumiza matumbo!" wakamjibu wengine wote, na kikaitishwa kikao kuamua kila kundi litumie birika gani. Na kila jioni programu ilisema neno lile lile.

Ijumaa mkewe alirudi kutoka zamu, akaketi kitandani bila kuvua viatu. Ofisi za hospitali zilikuwa zinakaribia kufungwa.

"Umeuliza mji mzima. Mimi hujaniuliza."

"Wewe una maslahi. Utaipotosha data."

"Niulize."

Akamuuliza. "Sasa," akasema mkewe, na akamwangalia akiingiza jibu. "Mbona umeingiza mara mbili?"

"Moja lako, moja langu."

"Lako?"

"Kila nikimsikia mtu, najiuliza upya na mimi. Mtafiti naye ni mtu. Ni uaminifu tu, mke wangu."

"Na huwa unajijibu nini?"

Akavua miwani. "Ningoje."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamwishia mdomoni na macho yakabaki na maji. "Kwa hiyo mimi nina maslahi, wewe huna. Mji mzima unakwambia nenda, na wewe mtu mmoja umejifanya mji wa pili. Hebu jitoe humo."

Akajitoa. Programu haikusita hata kidogo. "Acha. Ushahidi umetosha." Ikaeleza, kama ilivyofundishwa, kwamba ulitosha tangu kwa kinyozi.

Bwana Bado aliruka kitini, uso umemng'aa. "Umeona? Kumbe kuna kosa! Haimzuii mtafiti kujihesabu! Siwezi kuituma hivi, nitaaibika mbele ya watu. Nipe wiki moja tu, nirekebishe hapa, halafu..."

Mkewe alikuwa ameshachukua simu, amesogea dirishani. Alizungumza kwa adabu, bila haraka, kama anavyozungumza na mzazi aliyechoka. "Ndiyo, nakuja. Jumatatu. Hapana, si nyumba ya familia. Peke yangu." Akakata, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja sare zake.

Bwana Bado alisimama katikati ya chumba. Moyo ulimwuma kweli, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza kama umeuma vya kutosha. Akarudi mezani. Akaandika kidogo, akafuta, akaandika tena. Akabonyeza.

"Nimetuma," akasema.

Mkewe hakugeuka. "Wapi?"

"Kwa wale wa hadharani."

"Na hilo kosa?"

"Nimelieleza lilivyo, na aliyelifanya ni nani. Wakalisome."

"Umemuuliza nani?"

"Sijamuuliza mtu."

Mkewe aligeuka. Kisha akazisogeza sare upande mmoja wa sanduku, akazigandamiza kwa kiganja mpaka upande wa pili ukabaki wazi.

"Nimeshawakubalia kitanda cha mtu mmoja," akasema. "Tutabanana."