Chokaa ya Bibi Kaliope

Niliota usiku wa jana kwamba nimeshuka melini Ugiriki na kanga yangu ya kulalia, na hakuna aliyeshangaa. Hapo ndipo nikajua niko ugenini. Tanga ningesemwa mpaka Idi.

Nieleze kwanza kilichonipeleka. Mume wangu, Mbwana, alikuwa mpishi wa meli. Miaka thelathini sasa anasimulia kijiji kimoja cha bandarini, kwenye kisiwa cha Wagiriki, ambako bibi mmoja hupaka chokaa kila kilichotulia: nyumba, ngazi, mitungi, mashina ya miti. Ati alisinzia mkahawani akapakwa sikio, na ndiyo maana nyuma ya sikio lake la kushoto pana baka jeupe. Jana jioni akawasimulia wageni waliokuja kumposa binti yetu Nuru. Nikacheka, nikasema, "Msimsikilize, huyu mwongo tangu ujana. Baka hilo kazaliwa nalo." Wageni wakacheka. Mbwana hakucheka.

Walipoondoka akaniambia, "Wakirudi kesho kutaka jibu, uwajibu wewe. Neno la mwongo haliozeshi mtoto." Akalala kanigeuzia mgongo.

Basi nikashuka melini. Kijiji kiko vile vile alivyosema: nyumba nyeupe zimepandana mlimani, milango ya buluu, mashua za rangi zimefungwa mbele ya mikahawa, paka tele. Pweza ameanikwa kwenye kamba kama soksi.

"Shikamoo," nikamwambia yule pweza, maana sikujua umri wake.

"Marahaba. Usisimame hapo, mama. Leo siku ya chokaa. Tembeatembea."

"Natafuta mtu anayemkumbuka mume wangu. Mbwana, mpishi, mfupi, anapenda kusinzia."

"Mimi nina siku mbili tu kambani. Muulize punda, yeye ndiye anayeshika mizigo."

Punda yuko chini ya ngazi, anapiga hatua papo hapo asije akapakwa. Gari haziingii kijiji kile, kwa hiyo punda ndiye teksi na ndiye ofisi ya bandari.

"Una mzigo?" ananiuliza.

"Sina."

"Unao." Anaingiza mdomo kwenye mkoba wangu, anatoa kwa meno lile neno langu la jana, mwongo. Bado lina harufu ya biriani. "Hili silibebi. Panda nalo mwenyewe kwa Bibi Kaliope."

Napanda na neno langu kichwani. Lo, zito! Katikati ya ngazi ni jikoni kwangu. Napita, nazima jiko, naendelea. Juu kabisa kuna kanisa dogo. Nafungua mlango, naingia sebuleni kwangu. Wageni wetu wa posa wameketi kwenye makochi, wametulia kwa adabu zote, kwa hiyo wameshapakwa. Mjomba wa bwana harusi ni mweupe mpaka miwani. Bibi Kaliope, kibibi kifupi chenye gauni jeusi, anammalizia shangazi.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kwa ajili ya Mbwana."

"Sikio la kushoto," akasema bila kugeuka. "Aliniharibia kazi. Nilikuwa nakaribia shingo, akaamka, akakimbilia meli. Mpaka leo namsubiri nimmalizie."

Moyo ukanipasuka paa! "Kwa hiyo ni kweli?"

"Kipi?"

"Yote."

"Moja tulilikataa. Alisema ana mke mzuri kuliko bandari yetu." Akanitazama toka utosini mpaka unyayoni, na kanga yangu. "Kumbe hata hilo hakudanganya."

Nikaona haya, jamani, haya ya kweli. Nikalitua lile neno sakafuni. Likatulia, likapakwa, halikusomeka tena. Na mimi nikatulia. Nani asingetulia? Brashi ikanipita mguuni, baridi.

Nikaamka. Mbwana alikuwa bado kanipa mgongo, na hakulala, maana akilala hukoroma. Kisigino changu cha kulia kilikuwa cheupe, kimekauka, kinatoa unga. Na nyumba yetu yote imepakwa rangi ya mafuta, chokaa haimo.

Nikauweka mguu juu ya mto wake.

"Baba Nuru, nisamehe. Nimekukosea mbele za watu. Tazama."

Hakugeuka upesi, na alikuwa na haki. Kisha akawasha taa, akavaa miwani, akakikagua kisigino kama anavyokagua samaki sokoni. Akakwangua, akanusa.

"Kaliope," akasema. "Bado hachuji chokaa yake."

Akapapasa nyuma ya sikio. "Aliniulizia?"

"Anataka akumalizie shingo."

Akacheka mpaka akakohoa. Lile la mke na bandari sikumwambia. Atajivuna mwezi mzima.

Akakwangua unga kidogo kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. "Hii ya wageni," akasema. "Wewe nenda katawadhe. Na kanzu yangu umeiweka wapi? Leo nina binti wa kuozesha."