Picha ya Kumi na Moja

Lenzi mpya ya kamera ilifika Alhamisi, nzito kama mtoto wa miezi mitatu. Nilianza na paka. Alikuwa juu ya ukuta wa jirani, hatua sitini kutoka kwangu, na nikahesabu sharubu zake moja moja. Kisha nikaweka mfuko wa maharage kwenye dirisha la ghorofani, nikalaza lenzi juu yake na kuielekeza malishoni.

Sikuwa nikicheza. Murdzho, mbwa wa binti yangu Neviana, alikuwa hajaonekana siku ya tatu sasa. Na kule malishoni alikuwa amelala kifudifudi jirani yetu Stamen na bunduki yake, akimvizia mbweha aliyewala bata mzinga wake wanne. Mbweha wa kwetu na Murdzho wana rangi moja, manjano ya vumbi. Tofauti ni kwamba Murdzho ana uzi mwekundu na mweupe shingoni. Tulimfunga tarehe mosi Machi, kwa desturi yetu ya kukaribisha majira ya machipuko, kama tulivyofungana sisi wenyewe.

"Dada Gergana," Stamen aliniambia asubuhi, "simu haishiki kule, na mimi nitaona mgongo tu kwenye majani. Wewe una hilo bomba lako. Nikikuangalia kwa darubini, nijibu kwa kichwa. Nipige, nisipige?"

"Na usiponiona vizuri?"

"Kichwa hicho? Kinaonekana mpaka ng'ambo ya mto Danubi."

Saa nne na nusu majani yakatikisika. Mgongo, masikio, shingo. Nikapiga picha mfululizo, nikikodoa jicho. Shingo tupu. Stamen akanigeuzia darubini. Nikatikisa kichwa kushoto na kulia, kama tunavyokubali hapa kwetu: ndiyo, piga.

Ndipo Neviana akaingia na kikombe cha maziwa, akainamia kioo cha kamera, akaanza kurudisha picha nyuma.

"Mama, hiki nini?"

Picha ya kumi na moja. Mgongo uleule, majani yaleyale, na shingoni uzi. Ya kumi na mbili, hakuna uzi. Ya kumi na tatu, upo. Nikadhani nimeuziwa lenzi mbovu.

"Mbwa havui uzi akavaa tena! Huyo ni Murdzho!"

"Masikio si yake."

"Ni yake!"

Sikujua. Nikainua kidevu haraka mara tatu, kama anavyokataa kila mtu hapa: hapana, hapana, hapana. Halafu nikakumbuka kwamba Stamen amerudi mwaka jana tu baada ya miaka kumi na miwili Ujerumani, ambako vichwa vinakwenda kinyume na vyetu. Alikuwa ananisoma kwa lugha gani? Nikapunga mikono. Akainua bunduki. Akaishusha. Akaiinua tena.

Neviana alishatoka, anakimbia kuelekea malishoni, anaita.

Kwenye majani wakainuka wanyama wawili. Lenzi ndefu hubana umbali. Mmoja alikuwa nyuma ya mwenzake, nayo ikanibandikia wote wawili wakawa mmoja. Mwenye shingo tupu akatokomea mateteni. Murdzho akabaki amesimama, akitazama matete, akimtazama Neviana, muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alikuwa akifanya nini na mbweha, sijui hadi leo. Mwishowe akaja, polepole.

Stamen aliingia uani akihema. "Umetikisa, umeinua, umerusha mikono. Dada, una wazimu?"

"Ulielewa nini?"

"Sikuelewa kitu! Kwanza nikasema, kwetu hiyo ni ndiyo. Halafu nikasema, huyu mama ana diploma, anajua nilikotoka, pengine ananitikisia kwa Kijerumani. Nilikuwa bado nafikiria."

Neviana alikuwa amechuchumaa, anamtoa Murdzho kupe. Hakuinua macho.

"Mama. Kabla sijaingia, ulimwambia nini?"

Ningeweza kusema lolote. Stamen mwenyewe hakuwa na hakika.

"Nilimwambia apige."

Akamkumbatia mbwa, kilo zote ishirini na mbili, akapanda naye ngazi na kufunga mlango. Nikabaki uani na Stamen, sijui nimfuate au nimwache.