Msomaji wa Misa ya Ijumaa

Mwenyekiti wa bodi alimkuta Sista, mkuu wa shule, akifunga kamba za viatu ili awahi misa ya wanafunzi.

"Sista, nasikia somo la kwanza linasomwa na yule binti aliyejifungua mwaka jana. Wazazi watasema!"

"Waache waseme, mzee wangu. Nilimrudisha darasani mchana kweupe, sitamficha kanisani."

Binti alipanda mimbarini na karatasi yake, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Hata hajamaliza mstari wa pili, mwenyekiti aliinuka na kutoka, viatu vikilia kwi kwi kanisa zima. Binti akanyamaza. Wenzake wakainamisha vichwa.

Sista alitoka kwenye benchi, akaenda kusimama bega kwa bega na binti.

"Endelea, mwanangu," alisema, kipaza sauti kikinasa kila neno. "Anayetoka atoke; mlango hauhitaji msaada wetu kujifunga."

Kicheko kikapita, kisha sauti ya binti ikarudi, safari hii wazi na imara, mpaka neno la mwisho.

Nje, baada ya misa, mwenyekiti alikuwa akimngoja Sista. "Nitamwambia Baba Askofu!"

"Mwambie," Sista akajibu. "Na umkaribishe Ijumaa ijayo. Binti anasoma tena."