Baba Alipoganda Akicheza

Mama alitaka kuiona tena sidii ya harusi ya dada yangu, kwa sababu ndani yake marehemu baba anacheza muziki. Baba alikuwa fundi saa, mtu wa uso mkavu; kwenye kila picha ya ukutani amekaza shingo kama anayepimwa suti. Kucheza alicheza siku ile moja tu.

Dada aliitoa kabatini, tulikoihifadhi miaka yote tukiamini kwamba sidii haizeeki kama kanda. Alipoielekeza dirishani, mwanga ulipenya kwenye vitundu, na ukingoni rangi ya fedha ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu.

"Hii imeshaliwa, mama."

"Iweke hivyo hivyo. Liwalo na liwe."

Deki ilikoroma, ikakwama, ikaendelea. Mashangazi walipita wakipiga vigelegele bila sauti, kisha baba akaingia, koti begani, mikono juu. Picha ikaganda hapo hapo: mdomo wazi, jicho moja limefumba, mguu hewani. Tulisubiri, lakini haikusonga tena.

Nilimtazama mama nikihofia machozi. Badala yake alicheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani, mume wangu! Angejua amegandia hapa, angekufa mara ya pili!"

Dada alinyoosha mkono azime.

"Wee, muache!" Mama alivuta kiti karibu na televisheni. "Siku ile kila mtu alimvuta huku na huku. Leo nimempata peke yangu."

Tukaenda kuchemsha chai, tukawaachia sebule.