Kipaza katika Wadi ya Njiti

Palikuwa na fundi bodi mmoja ambaye Mungu alimmiminia sauti bila kupima. Miaka kumi na sita ya kugonga mabati ya magari ilikuwa imemla masikio, na kwa kuwa yeye hasikii vizuri, aliamini na wenzake hawasikii. Akikuamkia asubuhi, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Akikunong'oneza siri gerejini, mpita njia anasimama kutoa ushauri. Watu wakamwita Kipaza, na jina likamkaa kama ovaroli yake.

Mtu huyo ndiye aliyejaliwa mtoto njiti.

Mimba ya mkewe ilikuwa wiki ya ishirini na tisa presha ilipompanda ghafla. Saa nne asubuhi akapelekwa hospitali, saa saba mchana akapasuliwa. Mtoto wa kiume, kilo moja na robo. Kipaza alipigiwa simu akiwa chini ya gari, akainuka kwa pupa, akajigonga paji la uso. Alifika hospitali mbio, nundu imemtoka, mafuta machafu hadi viwikoni. Wa mapokezi hakumuuliza kitu, akamwonyesha chumba cha majeruhi.

Aliipata wadi ya njiti baada ya kupotea mara mbili. Palikuwa na joto, mapazia yameshushwa, na vile visanduku vya kioo wanamolala watoto vimefunikwa mablanketi juu. Muuguzi mkuu, mama mfupi wa viatu vya raba, alimnawisha mikono mara tatu, akamvisha gauni, akamwongoza hadi sanduku la mwisho.

Kipaza akachungulia. Ndani mlikuwa na kiumbe mwekundu, kofia ya sufu kichwani, mpira wa hewa puani, mguu mwembamba kama kidole cha babaye. Moyo ukamjaa mpaka shingoni. Akafungua kinywa.

"MWANANGU! BABA NIMEFIKA!"

Mtoto akarusha mikono hewani. Mashine yake ikaanza kulia, ya jirani ikaipokea, na punde wadi nzima ikawa inawika kama banda la majogoo. Kipaza hakujua ametokaje. Alijikuta kwenye korido, mlango umefungwa, gauni bado mwilini.

Daktari wa watoto, dada mpole mwenye macho ya usingizi, alimkuta pale ameinamisha kichwa.

"Baba, hatukuchukii," akasema. "Ila mtoto wako anasikia na hajui kujikinga. Kelele inamvuruga mapigo, hewa inashuka kwenye damu, na ubongo wake unaihitaji hiyo hewa. Hii miezi ya mwisho ndiyo ubongo unajengwa mbio kuliko wakati wowote. Alitakiwa aumalizie tumboni, kwenye giza na utulivu. Sasa anaumalizia hapa kwetu."

"UMEFIKIA... umefikia wapi?" Kipaza akauliza, kama anayeulizia gari.

"Kwa sasa bado una mikunjo michache. Karibu umenyooka. Wiki zinavyokwenda utajikunja na kujikunja, ndivyo unavyopata nafasi ya kukua ndani ya kichwa kidogo."

Kipaza akamkodolea macho. "Daktari, mimi kazi yangu kunyoosha. Gari likija na mikunjo nalihangaikia siku tatu. Leo unaniambia shida ya mwanangu ni kwamba amenyooka?"

"Kwa maneno ya gerejini, ndiyo."

"Na hakuna kinachoweza kugongwa hapo?"

"Ukigonga chochote humu nitaita walinzi."

Kipaza alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akauliza alilokuwa akiogopa kuuliza: je, atakuwa na akili kama wenzake?

"Siwezi kukuahidi," daktari akasema. "Wengi wanakua vizuri. Wengine wanachelewa kutembea au kusema, wengine wanapata taabu darasani. Tutampima kichwa, tutamfuatilia. Kinachosaidia ni maziwa ya mama, usingizi, utulivu, na ngozi ya mzazi. Mkeo hajaweza kukaa. Kwa hiyo ngozi ni yako."

Siku iliyofuata mama mkwe akawasili. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa kunyoosha mgongo na maneno, na kwa miaka saba Kipaza alikuwa hajathubutu hata kufungua kifungo cha kola mbele yake. Muuguzi, bila kujua anachochokoza, akavuta kiti.

"Haya baba, vua shati. Mtoto analala kifuani, ngozi kwa ngozi."

"Mbele ya Mama?"

"Mama ameshaona vifua."

"Lakini si changu, sista!"

Mama mkwe akajigeuzia ukutani, palipobandikwa tangazo la kunawa mikono. "Vua, mwanangu," akasema. "Mimi nasoma."

Alisoma tangazo lile saa nzima, mpaka akagundua kosa la tahajia mstari wa nne.

Mtoto akawekwa kifuani, akafunikwa kitambaa. Alikuwa na uzito wa nyundo ndogo, tena nyundo yenye joto. Kipaza alikauka kama picha. Pua ikamwasha, akaibana chafya mpaka machozi yakamtoka.

"Ongea naye," muuguzi akamwambia. "Sauti ya mzazi ni chakula cha ubongo. Ila polepole."

"SAWA, SIS..."

"Shhh!" Ilikuwa mama mkwe, akiongea na ukuta.

Kuanzia hapo bibi akachukua darasa. Kila mchana, kabla ya zamu ya kumbeba mtoto, alimsimamisha mkwewe kwenye korido, akamshikia karatasi laini mbele ya mdomo. "Sema bila koo. Karatasi ikiruka umefeli." Siku ya kwanza karatasi iliruka hadi dirishani. Siku ya tano ilipepea tu. Gerejini wenzake walipomsikia ananong'ona walidhani ameugua, mmoja akamchemshia tangawizi.

Tatizo likawa aseme nini. Nyimbo hakuzijua, na maneno ya kubembeleza aliyaonea aibu mbele ya mama mkwe. Basi akamsimulia mtoto kazi. "Leo wameleta basi dogo," akanong'ona. "Mlango umeingia ndani. Mwenyewe anasema kagongwa, mimi naona kagonga nguzo." Namba ya hewa kwenye mashine ilikuwa themanini na tisa. Alipofika kwenye nguzo ilikuwa tisini na tano. Akamwangalia muuguzi, muuguzi akatikisa kichwa kukubali, na Kipaza akalia vizuri tu, bila sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

Wiki ya pili wakampima kichwa kwa kile kifaa cha kupitisha juu ya utosi, pale ambapo mfupa haujafunga. Daktari akawaita Kipaza na mama mkwe kando ya sanduku, mke naye akaletwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Kuna damu kidogo imevuja upande mmoja."

"DAMU?" Kelele ile ilitikisa vioo. Mashine tatu zikalia. Kila mtu akamgeukia Kipaza, Kipaza akamwonyesha kwa kidole mwalimu mstaafu. Muuguzi, bila upendeleo, akamtoa nje bibi kwa mkono.

Mkewe alicheka huku ameshika mshono, akicheka analia, akilia anacheka. Daktari akaeleza kuwa ni daraja la chini kabisa, mara nyingi damu hiyo hunyonywa yenyewe. Baada ya wiki tatu haikuonekana tena. Wiki ya nane mtoto akaruhusiwa kwenda nyumbani, ana kilo mbili na ushee.

Alipotimiza mwaka walirudi kliniki. Daktari akasema umri wake unahesabiwa kwa kutoa zile wiki kumi na moja alizowahi kuzaliwa. "Mtoto alizaliwa siku moja," mama mkwe akapinga, "na cheti ninacho." Mtoto alihamisha kibao cha kuchezea alichopewa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akatupa cha pili, akasema "ba" kwa daktari. Mguu wa kulia ulikuwa mgumu kidogo, unahitaji mazoezi. Kipaza na mkewe wakamfanyisha kila siku sebuleni, asubuhi na jioni, bila kujua yatazaa nini.

Watoto wa majirani walitembea, wengine wakakimbia, yeye bado anatambaa. Mpaka Jumapili moja, mwezi wake wa kumi na tisa, alipojishika kwenye kochi, akaliachia, akavuka sebule hatua sita za kuchechemea hadi kwenye mkoba wa bibi yake. Akatoa miwani, akaivunja mkono mmoja.

Mama yake akamkimbilia kumpokonya.

"Mwache," mama mkwe akasema, akipapasa meza bila kuona vizuri. "Mpeni na kipochi cha miwani."